Kujifunza Lugha ya Kigeni kwa Sikio: Njia ya Pimsleur na Maumbile ya Kiswahili

Mtu anayetaka kujifunza lugha ya kigeni siku hizi si lazima aanze kwa kutafuta mwalimu, wala darasa, wala hata kitabu. Hutia programu katika simu yake ya mkononi, akaweka visikilizio masikioni, na huku akienda kazini au akiosha vyombo husikia sauti ya mtu asiyemjua ikimwambia aseme hiki na kile. Miongoni mwa lugha zinazofundishwa kwa namna hiyo Kiswahili nacho kimo, na wanaojifunza ni watu walio mbali na pwani yetu, ambao pengine hawajapata kuonana uso kwa uso na mtu hata mmoja aliyezaliwa katika lugha hii. Kwao, sauti ile ya simuni ndiyo Kiswahili.

Yafaa basi jambo hili litazamwe na wataalamu wa lugha, wala lisiachiwe mafundi wa mitambo peke yao. Makala hii yaeleza njia moja iliyo mashuhuri kuliko nyingi katika kufundisha kwa sikio, yaani njia ya Paul Pimsleur, kisha yaipima kwa maumbile ya Kiswahili. Neno lake kubwa ni hili: njia hiyo imejengwa juu ya nguzo mbili, muda na kimya, na nguzo hizo zafaa lugha yoyote, lakini kile kinachotiwa ndani ya muda na kimya hicho hapana budi kichaguliwe kwa kufuata lugha yenyewe. Kilichofaa kwa Kifaransa au Kigiriki chaweza kumharibu mwanafunzi wa Kiswahili.

Kutoka silinda hadi simu

Wazo la kufundisha lugha kwa sauti iliyonaswa si geni. Thomas Edison alitengeneza fonografu yake mwaka 1877, na haikupita miaka mingi kabla ya walimu kuona faida yake. Mwaka 1901 Jacques Roston alianzisha mjini London kampuni ya Linguaphone, iliyouza masomo ya lugha kwanza katika silinda za nta, na baadaye katika santuri. Mwanafunzi alikaa na kitabu mapajani, santuri ikasema, naye akafuatisha kwa macho. Faida ilikuwa kubwa, kwani aliyekaa mbali na wenye lugha aliweza kusikia matamshi yao. Lakini kasoro nayo ilikuwa kubwa: santuri haikumngoja. Ilisema mpaka mwisho, naye alikuwa msikilizaji tu. Na kusikiliza, hata kwa makini, si kusema.

Vita Vikuu vya Pili vilileta badiliko. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilianzisha mafunzo ya haraka ya lugha kwa askari wake, katika vikundi vidogo, kwa saa nyingi kila siku, pamoja na wasemaji wazawa ambao kazi yao ilikuwa kutamka na kuigwa. Baada ya vita mtindo huo uliingia vyuoni. Sheria ya elimu ya mwaka 1958 ya nchi hiyo ilitoa fedha za kununua vyombo, na maabara za lugha, zenye vibanda na vinasa sauti, zikaenea katika mashule. Katika miaka ya 1960 Kiswahili nacho kilipata kozi ya namna hiyo, iliyotungwa na E. W. Stevick pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga kwa ajili ya taasisi ya Marekani ifundishayo maofisa wa ubalozi. Kozi hiyo ilijaa mazoezi ya kubadilisha sentensi neno baada ya neno, nayo ingali ikitumiwa na watu wanaojisomea wenyewe.

Nyuma ya mazoezi hayo palikuwa na itikadi kwamba lugha ni mazoea, na kwamba mazoea hujengwa kwa kurudia. B. F. Skinner aliieleza itikadi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1957, naye Noam Chomsky akaipinga kwa nguvu mwaka 1959. Hoja ya Chomsky yajulikana: msemaji hutunga na kufahamu sentensi ambazo hajapata kuzisikia, kwa hiyo ujuzi wake hauwezi kuwa akiba ya sentensi alizorudia tu. Pimsleur, aliyezaliwa New York mwaka 1927 na kufariki mwaka 1976, alifanya kazi yake katikati ya mabishano hayo. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa na mchunguzi wa vipawa vya kujifunza lugha. Swali lake lilikuwa dogo na la kazi: neno likishasikiwa, ni lini lapasa kuulizwa tena ili lisipotee?

Nguzo ya kwanza: muda

Kwamba kusahau kuna mwendo wake, jambo hilo lilikwisha kuonyeshwa na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1885. Alijifundisha mwenyewe orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi alichobakiza baada ya dakika, saa na siku. Aliona kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Aliona pia kwamba kujikumbusha kwa nyakati zilizotengana huleta faida kuliko kurudia mfululizo.

Pimsleur alilichukua jambo hilo akaligeuza kuwa ratiba, katika makala yake ya mwaka 1967 iliyotoka katika jarida la The Modern Language Journal. Kwa mujibu wa ratiba hiyo neno jipya huulizwa tena baada ya sekunde 5, kisha baada ya sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, na miaka 2. Msomaji ataona kwamba kila kituo ni takriban mara 5 ya kile kilichotangulia. Maana yake ni kwamba kila kumbukumbu iliyoponea chupuchupu kupotea hutoka na nguvu zaidi, nayo yaweza kungoja muda mrefu zaidi kabla ya kuhitaji kuokolewa tena.

Yafaa ratiba hiyo ilinganishwe na somo lenyewe, ambalo kwa kawaida huchukua nusu saa. Vituo vinne vya kwanza, kuanzia sekunde 5 hadi dakika 10, vyaenea ndani ya somo moja, na mtungaji aweza kuvipanga kwa saa mkononi. Vituo vya saa 1 na saa 5 huangukia wakati ambapo hakuna anayesikiliza. Kituo cha siku 1 hukutana na somo la kesho, ikiwa mwanafunzi hakukosa. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya ratiba ni kazi ya mtungaji, na nusu ya pili ni kazi ya bidii ya mwanafunzi. Na wengi hushindwa katika nusu hii ya pili.

Tena tepu haina masikio. Haijui kama mwanafunzi amekumbuka au amenyamaza; huendelea sawasawa kwa mwepesi na kwa mzito. Sebastian Leitner, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alipendekeza dawa ya visanduku vya kadi: neno lililokumbukwa hupelekwa kisanduku cha mbele na kungojwa zaidi, lililosahauliwa hurudishwa nyuma. Programu nyingi za simu leo hufanya hesabu ya namna hiyo, kila mtu na muda wake. Hapo simu yaishinda tepu.

Nguzo ya pili: kimya

Pamoja na hayo, mtu aweza kusema kwamba ratiba si kitu kikubwa kuliko vyote katika njia hii. Kitu kikubwa ni kile kimya kifupi kinachofuata swali. Sauti ya kiongozi husema, mathalan, "Mwambie kwamba unataka maji." Kisha hunyamaza. Katika kimya hicho mwanafunzi hulazimika kutafuta jibu, kulipanga, na kulitoa kinywani. Ndipo sauti ya mzawa husema "Nataka maji," na mwanafunzi hulipima jibu lake kwa hilo.

Tofauti ya njia hii na santuri ya zamani ndiyo hiyo. Anayeiga hupokea sentensi na kuirudisha kama ilivyo. Anayeulizwa hulazimika kuitunga. Kasuku huweza la kwanza, lakini la pili haliwezi. Kwa hiyo thamani ya zoezi lolote la sikio yaweza kupimwa kwa swali moja: je, katika kimya kile, mwanafunzi ametunga neno, au amelirudisha tu? Na swali hilo ndilo linalotupeleka moja kwa moja katika maumbile ya Kiswahili.

Mkazo, na kulijenga neno kutoka mwisho

Katika masomo ya Pimsleur neno refu hufundishwa kwa vipande, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mwanafunzi hutamka silabi ya mwisho, kisha huongezewa ile iliyo mbele yake, hivyo hivyo mpaka neno litimie. Kwa Kifaransa desturi hiyo yafaa sana, kwani mkazo wa Kifaransa hukaa kwenye silabi ya mwisho ya kifungu, na silabi hiyo ndiyo anayoanza nayo. Mkazo hauhami tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Kiswahili ni kingine. Mkazo wake, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno "watasafiri," na alama juu ya irabu iwe ni dalili ya mkazo. Likijengwa kutoka mbele, mkazo huhama kila hatua: wá, wáta, watása, watasáfi, watasafíri. Mwanafunzi hutamka vibaya mara nne kabla ya kutamka vizuri mara moja. Likijengwa kutoka mwisho kwa silabi moja, kosa ni moja tu, lakini lipo: "ri" hutamkwa kwa mkazo, kisha hupokonywa mkazo huo. Likijengwa kutoka mwisho kwa kuanza na silabi mbili, kosa hutoweka kabisa: fíri, safíri, tasafíri, watasafíri. Kwa hiyo desturi ile ni njema kwa Kiswahili, kwa sharti kwamba kipande cha kwanza kiwe na silabi mbili.

Kanuni hii ndogo hufungua na milango mingine. Wanafunzi wengi huuliza kwa nini husemwa "anakula" na "amekula," ambapo "ku" imebaki, lakini husemwa "akila" na "hali," ambapo "ku" imetoweka. Vitabu vya sarufi hueleza kwamba shina la silabi moja lahitaji mbele yake silabi iwezayo kubeba mkazo. "Na" na "me" za wakati haziwezi, kwa hiyo "ku" husimama badala yake, ambapo "ki" na "ha" huweza. Maelezo hayo husahaulika upesi. Lakini aliyezoezwa kwa sikio, "kúla, nakúla, anakúla," kisha "kíla, akíla," amekwisha kuishika kanuni kabla ya kuambiwa. Vivyo hivyo kwa "nyúmba" na "nyumbáni," na kwa maneno mawili yanayoandikwa sawa lakini hayasikiki sawa: "barabára" ipitayo magari, na "barábara" yenye maana ya sawasawa.

Sauti na maandishi

Wafuasi wa njia ya sikio humficha mwanafunzi maandishi kwa muda. Hoja yao ni ya haki kwa Kifaransa na Kiingereza, ambapo herufi humdanganya msomaji. Kwa Kiswahili hoja hiyo yapungua nguvu. Maandishi yetu ya herufi za Kirumi, yaliyosanifishwa baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Unguja, na baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, hufuata sauti kwa uaminifu mkubwa. Mwanafunzi wa Kiswahili akionyeshwa maandishi mapema hapati hasara anayopata mwanafunzi wa Kifaransa. Pengine hupata msaada.

Walakini yako mahali ambapo maandishi ya Kiswahili hunyamaza, na hapo ndipo sikio lapasa kupewa kazi. Neno "mbuni" ni mfano mwema. Likiwa jina la ndege, "mb" ni sauti moja na neno lina silabi mbili. Likiwa jina la mti wa buni, "m" ni silabi peke yake na neno lina silabi tatu, wingi wake ni "mibuni." Jicho halioni tofauti hiyo, sikio huisikia mara moja. Kadhalika "paa" ya nyumba na "paa" mnyama, ambayo wenyeji wengi wa pwani huitamka "p" yake kwa pumzi. Na "kaa" la moto na "kaa" wa baharini. Wasemaji wengi wa bara hawatofautishi maneno hayo, na Kiswahili chao si kibovu kwa sababu hiyo. Lakini anayenasa sauti hapana budi achague, naye ajue kwamba amechagua. Sauti atakayoiweka ndiyo mwanafunzi wake atakayoiita Kiswahili.

Jambo jingine ambalo wino hauliwezi ni swali. "Amekuja" ya habari na "amekuja?" ya kuuliza zina maneno yale yale katika mpango ule ule, kinachotofautiana ni mwendo wa sauti. Kitabu huweka alama tu. Somo la sikio huweka jambo lenyewe.

Neno moja ni maneno mangapi?

Njia ya Pimsleur hushikilia kwamba mwanafunzi aanze na maneno machache yanayotumika sana, na kila neno lifuatwe kwa ratiba yake. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwani ratiba yahitaji kujua neno ni nini. Katika lugha ambayo maneno hayabadiliki sana umbo, jibu ni jepesi. Katika Kiswahili neno moja la kitenzi hubeba mtenda, wakati na mtendwa.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha. Kitenzi "ona" kikichukua mtenda mmoja kati ya nafsi 6 za watu, na mtendwa mmoja kati ya hizo 6, huwa na michanganyo 36. Ondoa 8 ambayo mtenda na mtendwa ni wa nafsi ile ile ya kwanza au ya pili, hubaki 28. Zidisha kwa nyakati 4, za "na," "li," "ta" na "me," nayo huwa 112. Hayo ni ya kukubali tu, ya watu tu, na ya kitenzi kimoja. Mtungaji akiliweka kila umbo katika vituo 11, hatamaliza kitenzi kimoja. Akichagua maumbo matatu au manne na kuyarudia hayo tu, mwanafunzi atajua "ninakuona" kama ajuavyo jina la mtu, asijue kwamba ndani yake mna "ni," "na," "ku" na "ona."

Njia ya kutoka katika ugumu huu ni kuiondoa ratiba katika neno na kuiweka katika kiambishi. Kitakachoulizwa baada ya sekunde 25 kisiwe "nitasoma" ile ile, bali "ta" ndani ya kitenzi kingine ambacho mwanafunzi anakijua. Amekwisha kusikia "nitasoma" na "tunapika"; sasa aambiwe aseme kwamba kesho watapika. Katika kimya kile atatunga "tutapika," neno ambalo hakuna aliyemwambia. Sauti ya mzawa ikilithibitisha, amepata kitu kikubwa kuliko neno. Amepata ufunguo wa maneno. Hapo ratiba ya kumbukumbu na hoja ya Chomsky zaweza kukaa nyumba moja bila ugomvi.

Upatanisho wa ngeli nao watakiwa kufuata njia hiyo. Sikio hulipenda jambo hili, kwa sababu sauti ya mwanzo hujirudia: "kitabu kizuri kimepotea," "vitabu vizuri vimepotea." Mwanafunzi hushika mwendo wake kama wimbo. Lakini wimbo huo una mitego miwili. Mtego wa kwanza ni majina yasiyoonyesha ngeli yake: "duka limefungwa," lakini "barua imefungwa." Hakuna kitu katika sauti ya "duka" wala ya "barua" cha kumwongoza. Dawa yake ni kutofundisha jina peke yake hata siku moja, lifundishwe daima na mwenzake, "duka hili," "barua hii." Mtego wa pili ni viumbe hai. Sikio lililozoea "kitabu kizuri" litasema "kifaru kikubwa kimelala," na lugha yataka "kifaru mkubwa amelala." Hapa sikio humdanganya mwanafunzi kwa sababu limefundishwa vizuri. Mtungaji asiyelijua hilo ataweka "kifaru" na "kiongozi" mbali sana katika masomo, wakati ambapo kosa limekwisha kukomaa.

Nani anasema na nani?

Masomo mengi ya sikio huanza na watu wawili wasiojuana, mwanamume na mwanamke, wanaokutana njiani. Umri wao haujulikani, wala hauhitajiki. Katika Kiswahili wauhitajika kabla ya neno la kwanza. Kijana akikutana na mzee, hasa pwani na katika sehemu nyingi za Tanzania, husema "Shikamoo," naye huitikiwa "Marahaba." Rika kwa rika husema "Hujambo," au "Habari za asubuhi." Mzee akimwambia kijana "Shikamoo," mambo yamepinduka. Katika sehemu nyingi za bara ya Kenya salamu hiyo haisikiki sana, na mgeni apasa kulijua hilo pia.

Mwanafunzi aliyezoezwa kwamba salamu ya Kiswahili ni "Hujambo" atamwamkia hivyo bibi kizee mwenye nyumba atakayomkaribisha. Sarufi yake haina kosa. Bibi ataitikia "Sijambo," kwa kuwa ni mwungwana, na mgeni atadhani amefaulu. Hakuna sauti itakayomrekebisha, kwani wenye adabu hawamrekebishi mgeni. Dawa ni nyepesi, nayo haigharimu kitu: swali litaje mtu. Badala ya kusema "Msalimu," kiongozi aseme "Umefika mlangoni kwa bibi kizee. Piga hodi, kisha mwamkie." Baada ya dakika 2 aseme "Sasa ametoka mjukuu wake, kijana wa rika lako." Kwa hivyo ratiba ile ile inayookoa maneno huweza kuokoa adabu.

Saa nayo ni ya fungu hilo. Mwanafunzi akiambiwa kwa Kiingereza kwamba ni saa ambayo Waingereza huihesabu kuwa ya 7 asubuhi, apaswa kusema "saa moja." Kuongeza au kupunguza 6 kila mara ni mzigo wa akili ambao kitabu hakiwezi kumtua, swali la ghafula na kimya cha sekunde chache, likirudiwa kwa siku nyingi, humtua.

Chombo huimarisha kila kinachotiwa

Yatokana na hayo kwamba ubora wa njia ya sikio ndio hatari yake. Kosa lililopigwa chapa kitabuni laweza kufutwa kwa kalamu. Kosa lililotiwa sikioni kwa ratiba huokolewa lisisahauliwe baada ya sekunde 5, na 25, na dakika 2, na kuendelea. Njia ile ile inayoilinda kweli hulilinda na kosa, kwa uaminifu ule ule. Simu ziko nazo sasa ambazo husikiliza matamshi ya mwanafunzi na kuyapima, lakini chombo cha namna hiyo hupima kwa kulinganisha na sauti kilizofunzwa nazo. Kikifunzwa na sauti chache, au za mahali pamoja, kitamkatalia msemaji mwema na kumkubalia mbaya.

Kwa hiyo kutunga somo la Kiswahili la sikio si kutafsiri somo la Kifaransa. Ni kazi inayohitaji watu watatu katika chumba kimoja: fundi ajuaye muda, msemaji ajuaye adabu, na mwanasarufi ajuaye kwamba "watasafiri" huanza na "firi." Wawili wa mwisho wapo kwa wingi katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi, na wanaotaka kujifunza hawatangoja mpaka vyuo vimalize mashauri yao. Watatia visikilizio masikioni na kuanza leo jioni, na sauti watakayoikuta humo ndiyo watakayoijibu.